Hakuna Mama Ila

16 Juni

Daktari amesema niache chumvi na hasira. Chumvi nimeiacha tangu Jumatatu. Hasira nimeamua nitaiandika humu, kwenye daftari nililolikuta kabatini, labda ikikaa kwenye karatasi itaacha kunikaa kifuani.

Mwezi wa Asharh, mwezi wa mvua katika kalenda yetu, umeingia jana na mvua imeingia nao. Mimi ni Dilruba, mjane wa miaka arobaini na minne, mwalimu wa Kiingereza katika sekondari ya juu ya wasichana kwenye mji huu wa ukingoni mwa mto Jamuna. Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu imekuwa moja, kuwafundisha wasichana kugeuza sentensi. Yakinishi iwe kanushi, ya kutenda iwe ya kutendwa, mbili ziwe moja, na moja iwe mbili. Chini ya kila swali pameandikwa maneno yale yale: bila kubadili maana. Nusu ya watu ninaofanya nao kazi wanafanya kinyume. Hawagusi hata neno moja, maana ndiyo wanayoibadilisha.

19 Juni

Mvua. Wamekuja wasichana kumi na mmoja kati ya sitini. Nimefundisha.

22 Juni

Ng'ambo ya barabara kuna banda la mabati la Mofazzal Bhai, yaani kaka Mofazzal, mwenzangu wa idara. Ni tuisheni yake. Asubuhi, kabla ya kengele ya shule, wasichana themanini wanajipanga mle kwenye madawati arobaini na kuimba majibu. Mmoja anasoma sentensi, wengine wanaitikia ilivyogeuzwa. Hakuna anayeuliza kwa nini. Ukiuliza kwa nini unawachelewesha wenzako. Wote wana kitabu kimoja cha maswali na majibu, kile chenye jalada la kijani, na Mofazzal Bhai anakijua kuliko anavyowajua wanawe.

Mimi sijakifungua kitabu cha majibu tangu niajiriwe. Niliyasema hayo leo kwenye chumba cha walimu, kwa sauti, ili asikie. Alisikia. Akachovya biskuti yake kwenye chai, akasema wasichana wake wanafaulu.

Wangu anayeuliza kwa nini ni mmoja tu. Anaitwa Parul. Anatoka kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto, anavuka kwa mashua ya injini kila siku na kukaa karibu na mlango kwa sababu pindo la nguo yake huwa linachuruzika maji. Tuisheni haendi, kwa sababu mashua ya kwanza inafika wakati wenzake wameshaimba wakamaliza. Kitabu cha kijani hana. Kiingereza chake ni cha kusuasua, sitadanganya, lakini anaisoma sentensi mpaka mwisho kabla ya kuigusa. Hilo siku hizi ni ajabu.

27 Juni

Mvua. Jino linauma. Mofazzal Bhai amekohoa siku nzima kwa makusudi.

3 Julai

Moko, yaani mtihani wa majaribio, wa Kiingereza, karatasi ya pili. Maswali na mwongozo wa kusahihishia ametunga Mofazzal Bhai, maana mwaka huu ni zamu yake. Mtihani wa taifa umesogezwa hadi Novemba, na asiyepita moko hapewi fomu ya mtihani wa taifa. Alama ya kupita ni thelathini na tatu. Fomu zinafungwa tarehe tano Agosti.

11 Julai

Shinikizo la damu leo nimekataa kulipima.

Matokeo yamebandikwa leo. Parul amepata thelathini na mbili. Baada ya vipindi alikuja na karatasi yake ndani ya mfuko wa plastiki, akasimama mlangoni mpaka nilipomwita.

"Apa," akasema, "naomba unioneshe kosa langu."

Wasichana wote hapa hutuita hivyo walimu wa kike, Apa, yaani dada. Nilidhani amekuja kuomba alama, na nilikuwa nimeshajiandaa kumkatalia. Nikasoma. Kwenye kugeuza sentensi, namba sita, swali lilisema: Kila mama humpenda mwanawe. Igeuze iwe kanushi bila kubadili maana. Parul aliandika: Hakuna mama ila humpenda mwanawe. Juu yake mkwaju mwekundu wa kukosa.

Nikamwita msichana aliyekuwa anapita nikaomba na karatasi yake. Yeye aliandika: Hakuna mama ila hampendi mwanawe. Amepewa vema.

Niliisoma ile vema mara nne. Kiingereza cha zamani kina matumizi ya neno "but" ambayo hapa nayaandika "ila", na neno hilo limeshabeba ukanushi ndani yake. Hakuna mama ila humpenda, basi kila mama humpenda. Ukiongeza ukanushi mwingine umeipindua sentensi nzima. Hakuna mama ila hampendi maana yake akina mama wote wa dunia hii, mpaka wa kwangu mimi aliyelala kaburini Rangpur, hawawapendi watoto wao. Na hilo ndilo jibu lililopewa alama, na mtoto aliyesema akina mama wanapenda amefelishwa.

Nikamuuliza Parul nani alimfundisha.

"Hakuna, Apa. Wenzangu walinipa jibu la kitabu kabla hatujaingia. Nikalisoma mara tatu. Nikaona linasema mama yangu hanipendi. Nikaliacha."

Nilimwambia aende nyumbani asilie. Akasema halii. Kweli alikuwa halii, mimi ndiye niliyetaka kulia kwa hasira.

12 Julai

Nilimkuta Mofazzal Bhai anafunga banda lake. Nikamwekea karatasi zote mbili mbele ya macho. Alizitazama kidogo tu.

"Dilruba Apa, jibu sahihi ni lile linalopata alama."

Nikamwambia hiyo ni akili ya mwizi wa kuku. Hakukasirika, na hilo ndilo linalonichosha kwake, huwa hakasiriki. Akanieleza taratibu, kama anamweleza mjomba wake kiziwi, kwamba wasichana mia moja sabini na mmoja wa mikondo yote wameandika kama kitabu. Ukigeuza mwongozo, mia moja sabini na mmoja wanapoteza alama moja, na tisa kati yao wanashuka chini ya thelathini na tatu. Je, mimi ndiye nitakayekwenda kwenye nyumba tisa kuwaambia mama zao?

Nikasema swali lifutwe, kila mtu apewe alama. Kanuni inaruhusu swali lenye kasoro kufutwa.

"Kanuni inaruhusu," akasema. "Lakini inataka barua. Na barua inataka jina."

Jina lake yeye, nilifikiri. Nilirudi nyumbani nimefurahi, Mungu anisamehe. Nilipika wali na dengu na yai kama sikukuu.

14 Julai

Mkuu wa shule ni mtu mpole, na upole wake umewaumiza wengi kuliko ukali wa wengine. Alishaandaa barua ya kupeleka kwa kamati ya shule. Akanisomea: Imebainika kwamba kosa limefanyika katika mwongozo wa kusahihishia.

Nikamuuliza limefanywa na nani.

"Limefanyika, Apa."

"Lenyewe?"

Akavua miwani akaifuta. Akasema kamati ikiona jina itataka kumchukulia mtu hatua, na mwaka wa ukaguzi hatutaki mambo ya hatua. Nikasema kamati isipoona jina itairudisha barua, kama ilivyorudisha ile ya paa la maktaba. Akasema tutaona.

Nimefundisha kauli ya kutendwa kwa miaka kumi na tisa. Nawaambia wasichana: mtenda anaweza kuachwa ikiwa hajulikani au hana umuhimu. Mpunga umevunwa. Barabara imekatika. Sikuwahi kuwaambia matumizi yake makuu, kwamba ni pazia la wakubwa. Fedha zimetumika. Mwanafunzi amefelishwa. Kosa limefanyika. Nchi nzima inaendeshwa bila mtenda. Nilitoka nikaubamiza mlango wa Mkuu, na kitasa kikabaki mkononi mwangu. Nitakirudisha kesho.

17 Julai

Kitasa nimekirudisha. Barua ya kamati nayo imerudi. Juu yake wameandika neno moja: Nani?

Mto umepanda mpaka ngazi ya tatu ya gati.

20 Julai

Leo amekuja mama yake Parul. Mwanamke mfupi, mikono imepasuka kwa tope. Alikaa ukingoni mwa kiti kana kwamba kitamkatalia. Aliniletea bisi za mchele kwenye kitambaa.

"Apa," akasema, "nimesikia kijijini kwamba mwanangu amefeli kwa sababu ya mama."

Sikumwelewa mara moja. Kumbe habari imevuka mto ikafika hivyo, kwamba mtoto kafeli kwa sababu ya mama. Kwa siku tatu alikuwa akijiuliza amefanya nini. Kusoma hajui. Nikamweleza sentensi kwa lugha yetu, kwanza ilivyoandikwa na mwanawe, halafu ilivyoandikwa na wenzake. Akasikiliza kwa makini kuliko kamati yoyote.

"Na hawa waliosema mama hampendi mtoto, ndio waliopita?"

"Ndio waliopita."

Akacheka kidogo, akajifunika mdomo kwa upindo wa sari. Akaniambia mto umekula jiko lao Jumapili na nyumba itafuata. Wanahamia kwenye tuta kwa shemeji. Kaka yake aliyeko Gazipur ameshampatia Parul nafasi kwenye kiwanda cha mashati kuanzia Septemba. Mwaka wa pili wa kurudia hawana. Ni fomu hii au mashati.

Nikamwahidi. Nilisimama kabisa nikaweka mkono kifuani nikasema mtoto wako atapewa fomu, hata kama itabidi nimburute mtu kwa sikio mpaka kwenye kamati. Sikumtaja, lakini nilijua ni sikio la nani.

22 Julai

Nimemwambia Mofazzal Bhai mbele ya walimu wote kwamba mtu asiyekuwa na aibu ya kuandika uongo awe na adabu ya kuusaini. Akainuka akatoka. Chai yake nikainywa mimi.

24 Julai

Sijui nianzie wapi. Nianzie pale pale.

Mofazzal Bhai amekuja nyumbani kwangu baada ya sala ya alasiri, mwavuli unavuja, chini ya kwapa ana kitu kimefungwa kwa gazeti. Hakukubali kukaa. Akakifungua. Ni kile kitabu cha kijani, lakini sicho cha sasa. Ni toleo la kwanza kabisa. Jalada limeliwa na wadudu, na kijani chenyewe kimekuwa cha njano.

"Nilikuwa sitaki, Apa," akasema. "Wewe ndiye umenifikisha."

Akakifungua kwenye dibaji. Mchapishaji anawashukuru watu sita. Wa nne: Mazoezi na majibu ya sura ya saba yametayarishwa na Bi Dilruba Yasmin wa Rangpur. Kisha ukurasa wa mia moja kumi na mbili. Kila mama humpenda mwanawe. Na chini yake, jibu.

Nilikaa mimi badala yake.

Alisema toleo baada ya toleo walinakili tu, na wachapishaji wengine wakanakili kwao, mpaka sentensi ikawa ya nchi nzima. Alisema alikijua kitabu hiki tangu siku aliyoniona naajiriwa, na alikuwa akikiheshimu, na kwamba yeye Kiingereza amekisomea kwenye sura yangu ya saba. Hakusema kwa kejeli. Angekejeli ningepata pa kumshika. Halafu akasema hivi, na haya nayaandika kama yalivyo:

"Kitabu hiki kiko mikononi mwangu tu. Wewe nyamaza kuhusu mwongozo, nami nimenyamaza."

Akafungua mwavuli akaondoka.

25 Julai

Sikwenda kazini. Mvua.

26 Julai

Mvua. Nimekumbuka.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, cheti bado kina wino mbichi. Mchapishaji, ambaye kitabu chake sikuwahi kukitazama kilipotoka, alitaka sentensi mia tisa na majibu yake kwa siku kumi na moja. Niliandika kitandani kwa sababu meza ilikuwa inavujiwa. Sentensi za "ila" niliziandika siku ya mwisho, nyingi kwa pamoja, na hii nilisimama juu yake kidogo. Nakumbuka kabisa kwamba nilisimama. Niliandika humpenda, halafu nikaona kichwa cha zoezi kinasema geuza iwe kanushi, na jibu langu halionekani kama kanushi. Nikaona aibu msomaji asije akadhani sikugeuza. Nikafuta humpenda nikaandika hampendi, ipendeze. Nikaenda kula.

Basi ndivyo. Si mwizi wa kuku, ni mimi. Nilibadili maana ili sentensi ionekane imegeuzwa.

28 Julai

Leo nilimkasirikia Parul. Naliandika hili ili nisije nikajisifu baadaye. Aliniuliza kwa adabu kama kuna habari, nami nikamjibu kwa ukali kwamba alama moja haianguki mbinguni, kwa nini hakusoma vizuri zile nyingine sitini na saba alizokosa. Akasema, "Ndiyo, Apa," akarudi karibu na mlango.

Nimetafuta kila njia. Nimejiambia mwanafunzi wa thelathini na mbili hata taifa atafeli. Nimejiambia kiwanda si jehanamu. Nimejiambia nani atawafundisha hawa wengine mimi nikichafuka, Mofazzal? Nimekuta kwamba ninajua kutunga barua za Mkuu vizuri kuliko Mkuu.

30 Julai

Nimeiandika barua darasani, wakati wasichana wanafanya zoezi, ili nisipate nafasi ya kuipamba. Nikampelekea Mkuu. Akaisoma na miwani, akaisoma bila miwani.

"Apa, hii sentensi ya kwanza. Weka 'kosa lilifanyika miaka ishirini iliyopita'. Inatosha. Ukiweka jina watakunyang'anya kidato cha sita."

"Sentensi hiyo hainihusu, Mkuu. Hii ndiyo inayonihusu."

Sentensi yenyewe ni hii: Mimi, Dilruba Yasmin, nilikosea, na naomba swali namba sita lifutwe. Ina mtenda. Ina kitenzi. Nimeisaini mara mbili kwa sababu kalamu ilikwama mara ya kwanza.

Kwenye korido nilipishana na Mofazzal Bhai. Alishajua. Uso ulikuwa kama wa mtu aliyenunua ng'ombe akakuta amekufa. Nikamwambia kitabu chake akitunze, kina thamani ya kihistoria. Kisha nikasema na lile nililopaswa kusema, kwamba nilimwita mwizi na hakuwa mwizi. Akaniuliza, kwa dhati kabisa, sasa yeye awafundishe wale themanini jibu lipi. Nikasema sahihi. Akasema wasahihishaji wa taifa wote wamesomea kitabu cha kijani.

2 Agosti

Swali limefutwa. Kila mtu amepewa alama. Parul thelathini na tatu. Amejaza fomu kwa wino mweusi, mama yake amesimama nyuma anazuia matone yasidondokee karatasi.

Nilimwambia Parul ukweli pale pale, kwamba ile sentensi ya kitabu niliiandika mimi. Nilitegemea atasema hapana Apa, usiseme hivyo. Hakusema.

"Miaka mingapi, Apa?"

"Ishirini."

"Kwa hiyo kuna wengine waliosoma mpaka mwisho kama mimi, wakakosa."

Hakuwa anauliza. Macho yake yalikuwa na hasira, hasira ile ile yangu ya tarehe kumi na moja Julai, nami sikuwa na pa kuielekeza isipokuwa kuipokea. Mama yake akamvuta mkono akamwambia usimtazame mwalimu hivyo, mama. Nikasema mwache anitazame.

6 Agosti

Uamuzi wa kamati: kuanzia Jumapili nitafundisha kidato cha tano tu. Kidato cha sita kinakwenda kwa Mofazzal Bhai. Nimechemsha maji ya chai nikayasahau mpaka sufuria ikaungua.

9 Agosti

Kipindi cha mwisho na kidato cha sita. Wamekuja hamsini na wanane, pamoja na mafuriko. Nimeandika ubaoni sentensi zote mbili, moja juu ya nyingine. Nikawaambia ya chini ni kosa, nililiandika mimi nikiwa na miaka ishirini na minne, nanyi mmeliimba asubuhi zote hizi. Nikawaeleza neno "ila" limebeba nini. Walielewa kwa dakika tano. Dakika tano, na mimi niliwanyima miaka yote kwa kujigamba kwamba vitabu vya majibu sivifungui. Ningekifungua mara moja tu ningejiona.

Msichana wa mstari wa mbele akainua mkono.

"Apa, tumeelewa. Lakini Novemba ikitoka, tuandike ipi?"

Lilikuwa swali la haki, na kila mmoja alijua anachouliza. Aandike iliyo kweli, au aandike itakayopewa vema na mtu asiyemjua, katika mji asioujua, ambaye pembeni yake ana kitabu changu? Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema andikeni kweli, na nikawaona mama zao wamejipanga mlangoni na vitambaa vya bisi. Nilitaka kusema andikeni ya kitabu, na ulimi ukagoma. Nilisimama na chaki mpaka ikanilainikia mkononi kwa jasho, na nilijikasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote humu.

Karibu na mlango kiti kikasogea. Parul alikuja mbele na nguo yake inachuruzika, hakuomba ruhusa, akachukua kifutio mezani pangu. Akaifuta sentensi ya chini yote, taratibu, mpaka na kivuli chake cheupe. Akarudi kukaa, akafungua daftari, akaanza kunakili iliyobaki.

Mmoja wa nyuma akainamisha kichwa naye akanakili. Kisha wa pembeni yake. Msichana wa mstari wa mbele alibaki na kalamu hewani, ananitazama mimi, hadi kengele ilipolia.